Mzee wa Miaka Arobaini na Mitatu

Siku wakwe walipokuja kuomba binti, walimsalimia Malachie kwanza, kwa mikono miwili, magoti yakikunjwa kidogo, kama vile mtu anavyolisalimia kaburi la mtu mkubwa. Msemaji wao, bwana mmoja wa Kasugho mwenye koti la kijivu, akakaa, akakohoa, akazungusha macho nyumba nzima, kisha akasema:

"Sokulu, aksanti kwa kutupokea. Sasa, baba ya binti yeye atafika saa ngapi?"

Sokulu maana yake babu. Hadassa, mke wa Malachie, akabaki na termosi ya chai mkononi. Nyuma ya pazia, Bénite, binti mwenyewe, alisikika akivuta pumzi kwa nguvu.

"Baba ya binti njo mimi," Malachie akajibu. "Niko na miaka makumi ine na tatu."

Msemaji akacheka, akidhani ni utani wa kukaribisha wageni. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, akaangalia viatu vyake mpaka chai ikaisha.

Usimlaumu. Kitsa Malachie, mwuza mafuta ya mawese wa Butembo, alikuwa na nywele nyeupe kama pamba iliyotoka katika godoro kuukuu. Meno yake manne yalikuwa yamehama bila kuaga. Mikono ilikuwa imebaki myembamba kama mwiko, na mwaka uliotangulia alivunjika kifundo cha mkono kwa kufungua mlango; mlango haukuwa hata na ufunguo. Na kule kule mjini alikuwako mzee wa kanisa Josaphat, mzaliwa wa Alimbongo kama yeye, wa mwaka mmoja na yeye, aliyekaa naye kwenye banki moja, yaani dawati moja, darasa la tatu. Josaphat alikuwa na mashavu ya kung'aa na kitambi cha heshima. Wakipita pamoja barabarani, watu wasiowajua walimsifu Josaphat kwa kumtunza baba yake.

Maumivu yalianza Malachie alipokuwa na miaka thelathini na mbili. Wakati ule alikuwa kijana wa nguvu, anapakia bidoni, yaani madumu ya mafuta, kule Kalunguta na kuzishusha soko la Butembo bila kumwita mtu. Siku moja, baada ya kula sombe, majani ya muhogo, kitu kikampiga chini ya mbavu na kutokea mgongoni, kama mtu aliyechomeka kijiti cha moto kisha akazunguka upande wa pili kutazama kama kimefika. Akaanguka katikati ya bidoni zake. Siku tatu akalala amejikunja, goti kifuani. Ikapita. Ikarudi. Ikapita, ikarudi, mpaka ikaacha kupita.

Kisha ikaja ile aibu ya chooni. Kila alichokula chenye mafuta kilitoka na mafuta yake, yakielea juu ya maji, yakinuka. Mtu aliyewalisha mafuta wanawake wa soko zima alikuwa mwenyewe bidoni iliyotoboka. Akakonda. Sukari ikapanda katika damu. Usiku miguu ikawaka.

Yote hayo angeyabeba. Kilichomwangusha ni mdomo wa muuguzi mmoja, katika zahanati moja ambayo sitaitaja kwa sababu bado ina wateja. Muuguzi alipima, akapapasa tumbo, akaandika, kisha akasema kwa sauti ya kuita foleni, na foleni ilikuwepo kweli:

"Hii ni pancréatite, papa. Ni ugonjwa ya walevi. Uache pombe!"

Kwenye foleni kulikuwa na wanawake wanne wa kanisa lao. Kabla Malachie hajafika nyumbani na karatasi yake ya dawa, habari ilikuwa imekwisha kufika, imekaribishwa, imepewa kiti.

Kanisa lao halichezi na pombe. Mwenye kunywa anawekwa chini ya nidhamu: hakaribii Meza ya Bwana, haombi kwa sauti, anakaa benchi la mwisho, karibu na mlango, pamoja na wenye wake wawili na vijana waliopata mtoto kabla ya ndoa. Kutoka huko kuna njia moja tu. Utasimama mbele ya watu wote, utataja dhambi yako kwa jina lake, utajibu maswali, na kanisa litainua mikono kukupokea. Asiyetaja dhambi anaongeza nyingine, ugumu wa moyo, na hiyo inaandikwa kwenye registre, daftari la kanisa, kwa wino mwekundu.

Malachie hakuwahi kunywa. Hata kasiksi, pombe ya ndizi, ya arusini, hata ile ya kuonja ukiwa mtoto kwa kidole. Kwa hiyo hakuwa na cha kutaja, na alikaa benchi la mwisho miaka sita.

Aliyempigania ni Hadassa. Kwenye mkutano wa akina mama alisimama, mikono kiunoni, akasema mbele ya wote: "Mi nalala naye, mi namupikia, mi nafua nguo yake. Kama kuliingia ata tone moja mu kinywa yake, Mungu akate hii ulimi yangu." Sokoni, alikouza viazi, alipigana kwa maneno na kila mtu, na mara mbili kwa viazi vyenyewe. Akina mama wakajifunza kunyamaza akipita. Kuamini, hapana. Kunyamaza.

Sasa Bénite anaolewa, Agosti. Na kanuni ni kanuni: mzazi aliye chini ya nidhamu hamshiki binti mkono kumleta mbele. Anakaa kwake, benchi la mwisho, na kutazama migongo ya watu. Bénite alimwambia baba yake neno moja tu: "Papa, bila weye siingie."

Basi akaamua kutafuta karatasi. Alisikia kwamba Beni kuna munganga wa mambo ya tumbo, daktari mwanamke aliyesoma mbali. Akapanda gari la Hassan.

Hassan ni dereva, Mwislamu wa Beni, aliyebeba mafuta ya Malachie kwa miaka kumi na miwili. Ulimi wake hauna breki, ila gari lake huwa nazo siku nyingine.

"Unaona dunia?" akasema walipopita Maboya. "Mi niko Muislamu, sinywe. Wewe uko mulokole, haunywe. Wenye banakunywa, angalia bale ku barrière, bananenepa! Donc sisi wawili tulikosea wapi?"

Kwenye kizuizi mwanajeshi akanyoosha mkono kwa Malachie, akimwita mzee na kudai kitambulisho. "Vieux, carte." Akaisoma, akamtazama Malachie, akaisoma tena. "Hii carte ni ya mutoto yako?"

"Ni ya mimi, chef."

"Wewe ulizaliwa 1981? Mi nilizaliwa 1980!" Mwanajeshi akajipapasa shavu, kama mtu anayehakikisha hakuibiwa. Akawaita wenzake kwa Kilingala waje watazame. Wakaja watatu. Mmoja akataka Malachie ashuke, maana njia hii inapitwa na watu wenye karatasi za wengine, na si wote wanakwenda kwa munganga.

"Chef," Hassan akasema, "kama angekuwa mwizi ya carte, si angeiba ya muzee? Nani anaiba carte yenye itamuumbua?"

Wanajeshi wakacheka, wakarudisha kadi. Malachie naye akacheka, kwa heshima. Gari lilipoondoka, akaigeuza kadi uso chini juu ya paja lake.

Docteur Vagheni alikuwa msichana wa miaka thelathini na kitu. Alimkaribisha "papa", akafungua faili, akasoma mwaka wa kuzaliwa, akataka kusema "kaka", akaacha yote mawili. Alimpiga radio, yaani eksirei, ya tumbo, kisha akainua ile picha nyeusi dirishani. Katikati, nyuma ya tumbo, palikuwa na vijiwe vyeupe vingi, kama changarawe mtu aliyoimwaga na kusahau kuizoa.

"Hii njo pankreasi yako. Ni kipande ya nyama yenye inatengeneza maji ya kuivisha chakula. Yako, ile maji haitoke. Inabakia mule ndani, inaivisha pankreasi yenyewe. Inajipika polepole, toka miaka kumi na moja."

"Na hii uzee?" Malachie akauliza. "Hii uzee inatoka wapi, docteur?"

Docteur akatafuta maneno yasiyo ya kitabu. "Ni kama nyumba yenye iko na moto mu chumba moja. Moto inabakia pale, lakini moshi inaingia mu vyumba vyote. Ile moshi inatembea mu damu yako kila siku, kila siku. Inakula misuli, inakula mufupa, inachosha moyo. Mwili hauangalie carte, unahesabu moshi. Ku carte uko na makumi ine na tatu. Kule ndani, mi ningekupatia makumi sita na kitu."

"Itarudia?"

"Nini?"

"Ile miaka."

Docteur Vagheni akaishusha picha. "Apana. Hairudiake."

Akamweleza kuhusu sindano za sukari, na kuhusu vidonge vya kusaidia kuivisha chakula, ambavyo Beni huvipata kwa bahati na Butembo huvisikia tu. Malachie alisikiliza kama mtu anayesikiliza tangazo la mazishi ya jirani. Kisha akaomba kile alichokuja kukiomba.

"Docteur, uniandikie karatasi. Useme haikutoka ku pombe."

"Siwezi kuandika vile. Inatokaka ku pombe kwa wengi, na kwa wengine inatoka ku ukoo, ama haijulikane. Mashine ya kujua haiko huku. Mi nakuamini, lakini picha hainiambie ulikunywa ao haukukunywa."

"Basi andika vile unaniamini."

Aliandika mistari minne ya Kifaransa safi, akapiga muhuri. Hakuna kitu alichokosea. Hilo ndilo lilikuwa tatizo.

Baraza la wazee lilikaa Jumatano mchana. Josaphat, mwenyekiti wa tume ya nidhamu, alivaa miwani na kusoma karatasi kwa sauti, akitafsiri njiani. "Pancréatite chronique... ndiyo. Cause indéterminée... maana yake docteur hajui. *Le patient nie toute consommation d'alcool*... mgonjwa anakana kabisa kunywa pombe." Akavua miwani. "Anakana. Ata Petro alikana."

Wazee wakacheka, si kwa ubaya, kwa kuzoea.

"Niko na shahidi," Malachie akasema. "Hassan, chauffeur. Tumetembea naye miaka kumi na mbili, tumekula naye, tumelala naye njiani. Eko hapo nje. Anaweza kuapa."

Wakatazamana. Mzee mmoja akauliza, kwa upole mkubwa, ni kitabu gani Hassan angeapia. Mwingine akasema baraza la Bwana halijafikia kuomba ushuhuda msikitini. Hassan aliyasikia yote dirishani. Alipoona Malachie anatoka, akamfungulia mlango wa gari na kuwasha injini.

Josaphat ndiye aliyemfuata sokoni kesho yake. Akasimama mbali kidogo na bidoni, kwa ajili ya suruali yake.

"Malachie, ndugu yangu. Mi na wewe tulikaa banki moja. Nakujua."

"Basi unajua sijakunywaka."

"Mi sisemi ulikunywa. Nasema utubu."

"Nitubu nini?"

"Kile tuliandika ku registre." Akashusha sauti. "Unataja, tunaomba, tunaimba, inaisha. Dakika tano! Kisha unashika mukono ya mutoto yako. Ama unataka mutoto aingie na mukono ya mutu mwingine, na wewe uko nyuma na bale ba wake wawili? Miaka yako inabakia ngapi, Malachie? Jiangalie."

Malachie akajiangalia. Mbele yake palikuwa na bidoni iliyokatwa, imejaa mafuta mekundu, na humo alimwona mzee anayemfahamu kidogo.

Hakumwambia Hadassa. Alijua angekataa, angemfichia viatu. Alipanga kumwambia baadaye, jambo likishakwisha, nao wangecheka pamoja. Ndivyo alivyofikiri kweli, wangecheka.

Jumapili alisimama. Ilimchukua muda, maana mgongo haunyooki bila kujadiliana. Akatembea kutoka benchi la mwisho mpaka mbele, na kanisa zima likageuka, watoto wakasimama juu ya mabenchi. Hadassa alikuwa upande wa akina mama, katika sare yao ya kitenge cha buluu, safu ya pili. Alitabasamu. Alidhani amekwenda kusoma ile karatasi ya Beni.

"Kanisa la Bwana," Malachie akasema, "nilitenda dhambi ya ulevi."

Josaphat akauliza maswali, kama desturi ilivyo.

"Ulikunywa nini, ndugu?"

"Kasiksi."

"Kwa muda gani?"

"Miaka... kumi."

"Wapi?"

Hakujua hata mahali pamoja pa kunywea. Siku zote alipita mbali napo. "Ku depo yangu," akasema, yaani ghala lake la mafuta. "Nyuma ya bidoni."

"Na nani?"

Angeweza kumtaja mtu gani? Kila jina ni la mtu mwenye mke na kiti kanisani. "Peke yangu."

Mguno ukapita kanisani. Mwenye kunywa na wenzake ni mlevi tu, lakini anayekunywa peke yake nyuma ya bidoni ana shetani wa kwake binafsi. Uwongo wake, kwa kukosa uzoefu, ulitoka mbaya kuliko dhambi yenyewe. Josaphat akainua mikono, watu wote wakainua mikono, kwaya ikaimba, wakamkumbatia mmoja mmoja. Walisema wamefurahi kweli. Miaka sita walikuwa wamesubiri kuwa na haki.

Upande wa akina mama, wanawake wa safu ya kwanza waligeuka kumtazama Hadassa, wote kwa pamoja. Walimtazama mdomoni.

Mchana Malachie alimkuta mkewe nyuma ya nyumba, bado na sare, akimenya viazi. Aliketi kwenye kigoda kando yake.

"Mama Bénite."

Kisu kikaendelea.

"Nilidanganya. Sikukunywa. Nilisema vile ju ya mutoto tu, ju nimushike mukono."

"Ulidanganya wapi?" Hadassa akauliza. "Kule ku kanisa, ama hapa?"

"Ku kanisa."

"Ah. Mbele ya Mungu ulidanganya, na mbele ya viazi njo unasema kweli."

"Hadassa, weye unajua. Weye ulilala na mimi miaka yote."

"Ku depo sikulalaka." Akatupa kiazi kwenye sufuria, maji yakamrukia. "Miaka sita nawatukana batu. Nilitoa ulimi yangu ku kiapo. Banasema nilikuwa nafunika mulevi, ao niko mujinga yenye bwana yake anakunywa na haone. Nichague nini, Malachie? Uliniuliza?"

"Ungekatala."

"Ndiyo, ningekatala!" akapaza sauti, na kuku wakakimbia. Kisha akarudi kwenye kisu, taratibu. "Sasa mutu yenye amesema bintu mbili, mimi nashika gani? Niambie. Mi sijue tena. Kweli ya Mungu, sijue."

Maumivu yakamkamata hapo hapo, yale ya kutobolewa mpaka mgongoni. Akajikunja juu ya kigoda, paji la uso kwenye magoti. Siku nyingine zote Hadassa angeacha kila kitu, angemsugua mgongo kwa ngumi, angemtafutia kidonge. Safari hii alimtazama kwanza. Kidogo tu, pengine kwa muda wa kuhesabu mpaka tano, kama mtu anayetazama noti kwenye mwanga. Kisha akainuka kuleta kidonge.

Agosti Malachie alimshika Bénite mkono. Aliingia naye mpaka mbele, mbele ya watu wote, haki yake kamili. Bénite alilia njia nzima, na hakumwambia ni kwa sababu gani, na yeye akaogopa kuuliza. Wakwe wa Kasugho walimsalimia tena kwa mikono miwili. Ila kwenye karamu msemaji mwenye koti la kijivu aliihamisha meza ya vinywaji, ilikuwa soda tupu, akaiweka mbali na Malachie.

Nyumba ikabaki ya watu wawili. Hadassa aliacha mkutano wa akina mama, akasema magoti yanamuuma. Sokoni hapigani tena. Mtu akisema neno, anapanga viazi vyake. Malachie amepungua mpaka bidoni anazisukuma kwa mguu, na mnunuzi ndiye anayejimiminia. Munganga alisema hiyo nayo ni kawaida, kwamba siku moja maumivu yanaweza hata kupoa, pankreasi ikishaungua yote. Kuna watu, alisema, wanafurahi siku hiyo.

Asubuhi anakunywa uji mwepesi, bila mafuta, bila maziwa, kwenye kikombe cha bati. Akimaliza anakiweka mezani na kuchukua fimbo yake. Juzi alisahau kofia, akarudi. Kupitia mlango alimwona Hadassa amesimama na kile kikombe. Amekiinua karibu na uso, macho amefumba, ananusa.

Malachie akasubiri nje mpaka aliposikia maji yakiosha kikombe. Kisha akaondoka bila kofia.